Ukate lini tiketi ya ndege upate nauli ya chini: mwongozo kamili kwa msafiri wa Bongo

Kila mwaka ikifika mwezi wa kumi swali kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo ni moja tu, tukate tiketi za Disemba sa hivi au tusubiri zishuke? Kwa Disemba jibu ni kata sa hivi, hazishuki, na kwa kweli ungekuwa umeshakata tangu mwezi wa nane au wa tisa. Ila jibu hilo hilo ukilibeba mpaka kwenye safari ya Zanzibar mwezi wa tano litakutia haraka bila sababu, maana mwezi wa tano ni masika, watalii wamepungua, ndege zinaruka na siti tupu, unaweza kukaa mpaka wiki tatu nne kabla na bado ukapata nauli nzuri. Kwahiyo mtu akikwambia "kata wiki sita kabla" bila kukuuliza unaenda wapi na mwezi gani, hajakusaidia chochote. Kinachoamua ni siti ngapi za bei ya chini zimebaki kwenye ndege yako na watu wangapi wengine wanazitaka. Hilo unaweza kulisoma mwenyewe ukiwa na simu na bando tu, twende hatua kwa hatua.

Kwanza elewa nauli inapandaje

Wengi tumekulia kwenye mabasi, na basi la Dar kwenda Moshi nauli yake ina ukomo uliowekwa na LATRA, ukikata mwezi mmoja kabla au ukikata asubuhi ya safari haipaswi kuzidi pale. Ndege haina kitu hicho, aliyekaa 7A na aliyekaa 7B wanaweza kuwa mmoja amelipa mara mbili ya mwenzake na wote wanapewa maji yale yale.

Chukua Bombardier Q400 ya Air Tanzania, ina siti 76. Ukiingia ndani unaona siti za ikonomi zinafanana zote, ila kwenye mfumo zimegawanywa kwenye madaraja ya nauli yanayoitwa kwa herufi. Kwa mashirika mengi Y ndio nauli ya juu kabisa ya ikonomi halafu kuna herufi nyingine zinashuka chini yake, kila shirika na mpangilio wake. Tuseme kwa mfano tu, siti 10 zimepangwa za 180,000, siti 15 za 240,000, siti 20 za 310,000 na zinazobaki za 400,000. Zile 10 zikiisha, anayefuata anakuta 240,000 hata kama amefungua saa moja baada yako. Hakuna aliyepandisha bei kwa ajili yake, daraja la chini limeisha basi.

Juu ya hapo kuna masharti ya siku. Nauli nyingi za chini zimeandikiwa kwamba lazima zikatwe siku 21 kabla ya safari, nyingine siku 14, nyingine siku 7. Ukivuka siku hiyo daraja linafungwa lenyewe hata kama siti bado zipo, ndio maana unaona bei imekaa kimya wiki nzima halafu ghafla imeruka zikiwa zimebaki siku 13. Hizi namba 21, 14 na 7 ziweke kichwani, zitarudi huko mbele.

Na kushuka je? Zinashuka, ila kwa sababu zinazoeleweka. Shirika likiona ndege inauzika polepole linafungua tena daraja la chini au linatoa ofa. Wakati mwingine wakala au kampuni ya utalii ilishika siti nyingi za kundi, muda wa kulipa umefika hawajalipa, siti zinarudishwa sokoni. Mambo haya yanatokea kwenye msimu mfu. Kwenye msimu wa watu wengi hata siti zikirudi zinawekwa kwenye daraja la juu, maana shirika linajua zitanunuliwa tu.

Mambo mawili ya kuachana nayo

La kwanza ni kwamba tiketi inunuliwe Jumanne usiku. Hii imetoka Marekani enzi ambazo mashirika yalikuwa yakitoa ofa mwanzoni mwa wiki na wenzao wakizifuata kesho yake, siku hizi nauli zinabadilishwa na kompyuta siku zote za wiki, usikeshe. Siku ya kuruka ndio ina maana kubwa, siku ya kununua hapana. La pili ni kwamba ukitafuta mara nyingi wanakuona una shida wanakupandishia, hivyo ujifiche kwenye brauza. Ukifungua kwa kujificha hakuna ubaya, ila ukikuta bei imebadilika sababu ya kawaida ni zile siti za daraja zilizoisha au muda wa kuhifadhi bei kwenye ile tovuti umepita.

Hatua ya 1: jua msimu wa ruti yako, na upande gani umejaa

Hapa ndio pa kukaa sana kuliko kwingine kote, maana ukikosea msimu hatua zote zinazofuata hazikusaidii.

Kilimanjaro Disemba inajulikana. Kuanzia kama tarehe 18 mpaka 24 watu wanapanda kwenda Moshi na Rombo, na kwa wakati huo huo watalii nao wanashuka KIA kwenda mlimani na Serengeti, kwahiyo ndege moja inagombewa na makundi mawili. Halafu kuanzia tarehe 2 Januari msongamano unageuka, wote wanarudi Dar. Sasa angalia upande wa pili, anayetoka Kilimanjaro kuja Dar tarehe 22 Disemba anapanda ndege iliyoenda imejaa na inarudi nusu tupu. Mama au bibi akiwa Moshi na familia yote iko Dar, piga hesabu ya kumleta yeye Dar kwa sikukuu badala ya kupanda watu watano. Najua wazee wengi hawatakubali kuacha mji siku ya Krismasi, ila ukiuliza mapema unaweza kushangaa. Mwanza na Bukoba mambo ni hayo hayo ya Disemba, na Wakenya wanalijua vizuri kwa Nairobi–Mombasa ambako Pasaka na Disemba treni ya SGR nayo inajaa mapema.

Dodoma ina kalenda yake. Bunge la bajeti linaanza mwezi wa nne linakwenda mpaka mwishoni mwa mwezi wa sita, kipindi hicho ndege za Jumatatu asubuhi kwenda na Ijumaa jioni kurudi zinabanwa. Ukiweza kwenda Jumanne mchana nenda Jumanne mchana. Na tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kwa safari ambayo haina haraka ya saa mbili tatu mimi naona treni ndio jibu.

Zanzibar na Kilimanjaro kwa wageni, mwezi wa saba na wa nane na tena mwishoni mwa Disemba ni juu, Machi mwishoni mpaka Mei ni chini.

Ghuba ndio inachanganya watu. Wanasema Dubai kiangazi ni bei rahisi kwa sababu ya joto, na ni kweli hoteli zinashuka, ila ndege ni kitu kingine. Ndugu zetu wanaoishi Muscat, Dubai na Doha wanafunga shule mwezi wa sita, wanakuja nyumbani, wanarudi mwishoni mwa Agosti. Kwahiyo ndege za kutoka Ghuba kuja huku zinabanwa Juni na Julai, na za kutoka huku kwenda Ghuba zinabanwa wiki za mwisho za Agosti. Ukienda kinyume na wao unapata nafuu. Ongeza Ramadhani kwa wanaokwenda Umra, Idi zote mbili, na Hija, na kumbuka hizi zinarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, usitumie tarehe za mwaka jana. Mwaka 2026 kwa mfano Hija inaangukia mwishoni mwa mwezi wa tano.

Wafanyabiashara wa Guangzhou, maonyesho ya Canton yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Siku chache kabla ya kila awamu nauli inapanda na hoteli nazo. Kama huendi kwenye maonyesho yenyewe, unaenda kufuata mzigo wako kiwandani au sokoni, chagua mwezi mwingine. Usiende tu wakati wa mwaka mpya wa Kichina, huo unaangukia Januari au Februari, viwanda na maduka yanafungwa na utakaa hotelini unaangalia mitaa mitupu.

Ulaya na Marekani, juu ni Juni katikati mpaka Agosti na tena Disemba kuanzia kama tarehe 10. Chini ni Februari, Oktoba na Novemba mwanzoni.

Hatua ya 2: fungua dirisha lako la kukata

Baada ya kujua msimu, haya ndio makadirio ninayoyatumia na kuwapa watu. Ni makadirio, siyo sheria ya shirika lolote.

Ndani ya nchi msimu wa kawaida, anza kuangalia wiki 6 kabla, nunua kati ya wiki ya 5 na ya 3. Ndani ya nchi Disemba, nunua Agosti na Septemba, Oktoba iwe mwisho wako. Nairobi, Entebbe, Kigali, Johannesburg, mwezi mmoja mpaka miwili. Ghuba na India, miezi miwili mitatu, ikiwa ni Idi au Agosti sogeza mpaka minne. Ulaya, Marekani, Uchina, miezi miwili mpaka mitano msimu wa chini, mitano mpaka minane msimu wa juu.

Mapema sana nako hakuna faida sana. Mashirika mengi yanafungua mauzo kama miezi 11 kabla, na mwanzoni kabisa hayana haraka ya kufungua madaraja ya chini, kwahiyo anayekata mara tu mauzo yakifunguliwa analipia utulivu wa moyo, na hiyo siyo mbaya kama safari ni ya harusi na tarehe haiwezi kusogea.

Na kuna ruti ambazo usizisubirie kabisa. Mpanda, Songea, Kigoma, Bukoba, kama ndege ni ndogo na ni moja kwa siku au haipo kila siku, madaraja ya chini yanaisha kwa kikundi kimoja tu cha semina. Ukishajua tarehe, kata.

Hatua ya 3: pima bei ya kawaida kabla hujasema hii ni rahisi

Fungua Google Flights, weka ruti, bonyeza pale kwenye tarehe, itakuonyesha kalenda ya nauli siku kwa siku. Usiangalie siku yako tu, angalia wiki mbili kabla na wiki mbili baada, uone ya chini kabisa ni ngapi na ya katikati ni ngapi. Washa arifa za bei ikutumie imeili nauli ikibadilika. Skyscanner nayo ina kalenda ya mwezi mzima, ni nzuri kwa asiye na tarehe maalum.

Alafu ingia tovuti ya shirika lenyewe. Hii usiiruke, kuna mashirika ya hapa ndani hasa yenye ndege ndogo za Pemba, Mafia na mbugani ambayo kwenye tovuti za kulinganisha huyaoni kabisa, na hata yale unayoyaona wakati mwingine nauli ya ofa iko kwao tu. Piga skrinshoti ya kila unachokiona na tarehe, weka folda moja kwenye simu. Baada ya wiki moja utakuwa unajua ruti yako kawaida ni shilingi ngapi, na hapo ndio unajiwekea kikomo, yaani bei ambayo ukiikuta unalipa bila kufikiria tena. Andika kwenye karatasi kabisa. Bila kikomo utaikuta nzuri utasema ngoja ishuke kidogo, kesho haipo.

Hatua ya 4: linganisha gharama yote mpaka mlangoni

Nauli ya 250,000 isiyo na begi la kukabidhi siyo rahisi kuliko ya 290,000 yenye kilo 23 kama umebeba ndizi za Bukoba na samaki wa Mwanza. Angalia begi, angalia kubadili tarehe kunatozwa ngapi (faini pamoja na tofauti ya nauli, na tofauti ya nauli ndio inayouma), angalia benki yako inakata ngapi ukilipa kwa dola na kadi ya shilingi. Ikiwezekana lipa kwa shilingi kwa namba ya malipo au kwa mitandao ya simu.

Ukiona nauli ya nje imekuwa chini kupita zote, fungua uone koneksheni ikoje. Kama ni tiketi mbili tofauti zilizounganishwa na tovuti, ya kwanza ikichelewa ya pili inakuacha na hakuna anayekupa pole, na begi utalichukua uingie nchi ya watu ulikabidhi upya, sasa kama nchi hiyo inataka viza umekwama pale pale. Mimi kwa safari ya kuunga napendelea tiketi moja kupitia Addis Ababa, Doha, Istanbul au Nairobi hata ikizidi kidogo.

Hatua ya 5: familia na kikundi, tafuta mmoja mmoja

Hii wengi hawaijui na inaokoa hela nyingi. Mfumo ukiambiwa watu 5 unatafuta daraja moja linaloweza kuwabeba wote 5. Kama kwenye daraja la 180,000 zimebaki siti 3 tu, mfumo unaliruka unawapeleka wote kwenye 240,000. Kwahiyo tafuta kwanza kwa mtu 1, uone bei, kisha 2, kisha 3, uone inaruka wapi. Ikiruka kwenye 4, kata bukingi mbili, watatu kwa 180,000 na wawili kwa 240,000, hapo umeokoa 180,000, ambayo ni nauli ya mtu mzima mmoja. Hakikisha kila bukingi yenye mtoto ina mtu mzima ndani yake, na ukimaliza piga simu kwa shirika waziunganishe kwa maelezo ili ndege ikiahirishwa msitenganishwe.

Hatua ya 6: viza na tiketi, nini kitangulie

Usilipie tiketi isiyorudishwa kabla viza haijatoka. Kwa Schengen wanachotaka ni uthibitisho wa bukingi, siyo lazima iwe imelipiwa, mwambie wakala akushikie bukingi kwa siku kadhaa. Uingereza wenyewe wanashauri usinunue tiketi mpaka upate jibu. Hapa inabidi ukubali kwamba dirisha la bei nzuri linaweza kupita wakati pasi iko ubalozini, ndio maana anayetaka kwenda Julai aanze kuandaa makaratasi ya viza Januari au Februari, aombe mara tu ubalozi unaporuhusu. Kuna nauli zinazobadilishika, zinazidi kidogo, kama una uhakika na safari ila tarehe inategemea ubalozi hizo ndio zako.

Kwa mlioko Marekani mnakuja nyumbani, mna haki ambayo sisi huku hatuna. Sheria ya huko inalitaka shirika likuruhusu kufuta tiketi bure ndani ya saa 24 au likushikie bei saa 24 bila kulipa, mradi umenunua kwa shirika lenyewe na safari iko siku 7 au zaidi mbele. Itumieni. Ukiona nauli iko chini ya kikomo chako nunua hapo hapo, halafu hizo saa 24 ndio ziwe za kumpigia mke au mume, kuomba likizo kazini na kuangalia kama kuna nzuri zaidi.

Hatua ya 7: siku ya kuamua

Sasa una msimu, una dirisha, una kikomo. Nunua kama nauli imefika kikomo. Nunua kama ni msimu wa juu na iko karibu na kikomo hata kama haijafika. Nunua kama zimebaki siku 23 au 22 kwa sababu ukuta wa siku 21 uko mbele yako, na fanya hivyo hivyo ukikaribia 14 na 7. Subiri kama ni msimu wa chini, ruti ina ndege kadhaa kwa siku kutoka mashirika zaidi ya moja, na bado una zaidi ya wiki tatu. Kama huna sababu hizo zote tatu kwa pamoja, usisubiri.

Ukishika bukingi bila kulipa soma saa ya mwisho ya kulipa, ikipita hata dakika moja inafutwa yenyewe na siti inarudi sokoni kwa bei ya wakati huo. Jina liandike kama lilivyo kwenye pasi au NIDA, kubadili jina mara nyingi ni sawa na kununua upya.

Ukiwa umechelewa au ni msiba

Msiba hauna wiki sita. Kwa safari ya ghafla usiangalie ruti moja tu. Wa Arusha na Moshi, kuna KIA na kuna uwanja wa Arusha, angalia vyote. Wa Musoma, nenda Mwanza ushuke uchukue basi. Anayetoka nje ya nchi kuja Arusha aangalie pia kufika Nairobi halafu basi la Namanga, na wa Tanga aangalie Mombasa kupitia Horohoro. Anayekuja Dar kutoka Muscat, Doha au Istanbul aangalie ndege inayotua Zanzibar, halafu boti mpaka Dar, wakati mwingine Zanzibar ina siti za chini wakati Dar zimeisha. Angalia ndege ya kwanza alfajiri na ya mwisho usiku, hizo ndio zinachelewa kujaa. Ya kwenda utalipa bei ya juu, ya kurudi usiikate kwa siku ile ile kama hujui arobaini au matanga yatakwishaje, chukua ya kwenda tu kisha ya kurudi uikate ukishajua siku, hasa ndani ya nchi ambako kwa kawaida kwenda na kurudi ni nauli mbili zilizojumlishwa tu. Kwa safari za nje usifanye hivyo kabla ya kulinganisha, huko tiketi ya kwenda tu mara nyingi inakaribia au hata kuzidi ya kwenda na kurudi.